PILIPILI, TEMBO NA MATARISHI WA MAUMIVU

Ukitia kipimajoto katika kikombe cha maji yaliyochanganywa na pilipili kichaa iliyosagwa, zebaki haitapanda hata kidogo. Maji hayo hayana moto kuliko maji ya mtungini. Lakini mtu akiyanywa, mara jasho litamtoka, pua itachuruzika, machozi yatamlengalenga, naye ataapa kwamba kinywa chake kinaungua. Lugha yetu nayo yashuhudia jambo hilo, kwa maana twasema pilipili yawasha, kama tusemavyo kwamba mtu awasha moto. Waingereza nao huita chakula chenye pilipili chakula cha moto. Basi kipimajoto chasema hakuna moto, na ulimi wasema upo. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Kila mmoja ajibu swali lake mwenyewe, na kisa cha majibu hayo ndicho nitakachojaribu kueleza hapa. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamekwisha kusoma habari za seli na mishipa ya fahamu. Wengine wasihofu, kwa sababu kila neno geni litaelezwa linapofika. Wazazi nao naomba wasiipite kurasa hii wakidhani ni mambo ya darasani tu. Atakayefuata habari hii mpaka mwisho ataona kwamba yahusu mashamba yaliyo jirani na mbuga, na yahusu pia dawa ambayo mgonjwa wa nyumbani kwake huenda akaandikiwa siku moja.

Tuanze na pilipili yenyewe. Mmea huu si wa asili ya Afrika. Ulitoka bara la Amerika, ukaenezwa duniani na mabaharia wa Ulaya baada ya mwaka 1492, na leo hakuna jiko la pwani wala la bara lisiloujua. Kitu kinachowasha ndani yake ni kemikali moja iitwayo kapsaisini. Mjerumani Christian Friedrich Bucholz aliitoa katika pilipili mwaka 1816, ingawa haikuwa safi, na Mwingereza John Clough Thresh akaipa jina lake mwaka 1876. Watu wengi hudhani kwamba ukali umo katika mbegu. Sivyo. Umo hasa katika ule utando mweupe ushikao mbegu, na mbegu hupakwa ukali kwa kuugusa tu. Tena kapsaisini haiyeyuki vema katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Ndiyo sababu mtu aliyeunguzwa na pilipili akagugumia maji hapati nafuu yo yote. Maji huisambaza tu kinywani. Maziwa humfaa zaidi, kwa kuwa yana mafuta na protini zinazoizoa kapsaisini ulimini. Naye aliyekatakata pilipili akanawa kwa maji matupu, kisha akajifuta jicho, hahitaji mwalimu wa kemia amfundishe sheria hii.

Sasa tuingie mwilini. Katika ngozi yetu, ulimi, macho na pua zimetandazwa ncha za mishipa ya fahamu iliyo myembamba mno. Kila uzi wa namna hiyo ni sehemu ya seli moja iliyonyooshwa. Kiini cha seli hakikai ngozini. Hukaa kando ya uti wa mgongo, au, kwa mishipa ya uso na kinywa, ndani ya kichwa. Kutoka hapo uzi mmoja huenda mpaka ngozini na mwingine huingia katika uti wa mgongo au ubongo. Kwa hiyo seli iletayo habari za kidole cha mguu wa mtu mzima yaweza kupata urefu wa mita moja, lakini kwa unene haionekani kwa macho.

Karibu na kiini hicho hutengenezwa vitu viitwavyo nyuropeptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini ya maharage, dagaa na maziwa. Na zikiwa peptidi zitumiwazo na seli za fahamu kupelekeana habari, huitwa nyuropeptidi. Hufungwa katika vifuko vidogo sana, vifuko husafirishwa ndani ya ule uzi mpaka kwenye ncha zake zote mbili, ya ngozini na ya uti wa mgongo, na huko vikangoja. Katika ofisi za zamani palikuwa na tarishi aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, akingoja kupewa barua aipeleke. Nyuropeptidi ni tarishi wa namna hiyo. Yuko tayari saa zote, lakini hainuki mpaka atumwe.

Tarishi mkubwa wa habari zetu aligunduliwa mwaka 1931. Msweden Ulf von Euler na Mwingereza John Gaddum, wakifanya kazi pamoja katika maabara ya London, walipata katika ubongo na utumbo wa farasi kitu kilichoshusha nguvu ya damu na kukaza utumbo. Hawakujua ni kitu gani, wakakiita kwa herufi P tu, na herufi hiyo haikuondoka tena. Kwa Kiswahili tutaiita Dutu P. Ilipita miaka 40 kabla ya mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Susan Leeman, pamoja na wenzake, kueleza mwaka 1971 kwamba ni mnyororo wa asidi amino 11. Yuko na tarishi mwenzake mwenye asidi amino 37, ambaye wataalamu humwita CGRP. Jina lake refu halitatusaidia hapa.

Je, pilipili huwatumaje matarishi hawa? Hapa ndipo penye utamu wa habari nzima, na naomba msomaji aende polepole.

Kapsaisini haimgusi tarishi. Haimjui kabisa. Inachofanya ni kupenya katika utando wa seli, ulio wa mafuta, na kushika mlango fulani wa protini uliopachikwa katika utando huo. Mlango huu ulijulikana mwaka 1997 kwa kazi ya David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California huko San Francisco. Walikusanya jeni nyingi kutoka katika seli za fahamu za maumivu, wakazitia kidogo kidogo katika seli nyingine zisizosikia pilipili, wakatafuta mpaka wakapata jeni moja iliyozifanya seli hizo zisikie. Protini iliyoandikwa na jeni hiyo huitwa TRPV1. Kisha wakaona jambo la ajabu, kwamba mlango huo huo hufunguka pia kwa joto lipitalo kiasi cha digrii 43 za sentigredi, yaani joto linaloanza kumwumiza mwanadamu. Hapo ugomvi wa kipimajoto na ulimi ukasuluhishwa. Pilipili na moto hubisha mlango mmoja, nao ubongo hauna njia ya kujua ni nani aliyebisha. Mwaka 2021 Julius alipewa Nishani ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian, aliyechunguza namna mwili unavyosikia mguso.

Mlango ukifunguka, chembe zenye umeme za sodiamu na kalsiamu huingia ndani ya seli. Sodiamu huanzisha mshtuko wa umeme ukimbiao kwenye uzi mpaka uti wa mgongo. Kalsiamu ina kazi nyingine. Kwa kawaida seli huifukuza kalsiamu kwa bidii kubwa, hata kalsiamu iliyo nje huwa nyingi yapata mara elfu kumi kuliko iliyo ndani. Kwa hiyo inapoingia ghafula, kuingia kwake ni kama kengele ya shule iliyopigwa usiku: kila kitu huamka. Vifuko husogea kwenye utando, huungana nao, hupasuka kwa nje, na Dutu P na CGRP humwagika. Mshtuko wa umeme ukifika kwenye ile ncha ya uti wa mgongo, milango mingine ya kalsiamu hufunguka huko, na vifuko vya huko hupasuka vivyo hivyo.

Basi matarishi wametoka pande mbili. Wale waliotoka ngozini huenda kwenye mishipa midogo ya damu. CGRP huipanua, nayo Dutu P huifanya ivujishe maji. Ndiyo sababu mahali palipopakwa pilipili huwa pekundu na kuvimba ingawa hapana jeraha wala moto uliopita hapo. Wale waliotoka katika uti wa mgongo hukutana na seli ya pili, ambayo ina kipokezi maalumu cha Dutu P. Lakini hata hapo tarishi haingii ndani. Hubisha nje, kipokezi hujipinda, kwa kujipinda huamsha protini iliyo upande wa ndani, hiyo nayo huamsha kimeng'enya, na kimeng'enya hukata kipande cha mafuta ya utando na kukitoa kama mjumbe mpya wa ndani, ambaye hufungua ghala ya kalsiamu ya seli hiyo. Mwisho wa safari ndefu namna hii, seli ya pili huwa nyepesi kusisimka, na habari ya "naungua" hupanda mpaka ubongoni kwa nguvu. Yote hayo kwa punje moja ya pilipili ambayo haikufika hata karibu na uti wa mgongo.

Msomaji mwenye shaka ataweza kuuliza: twajuaje kwamba tarishi ni wa lazima? Huenda umeme peke yake watosha. Swali hilo ni zuri, na jibu lake lilipatikana kwa mnyama wa Afrika Mashariki hasa, tena mnyama asiye na sura ya kujivunia.

Katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia huishi fuko asiye na manyoya. Ana ngozi ya waridi iliyokunjamana, macho madogo kama nukta, na meno ya mbele yatokezayo nje ya midomo, ambayo huchimbia. Huishi chini ya ardhi kwa makundi, aghalabu wapatao 70 au 80, na katika kundi zima ni jike mmoja tu azaaye, kama malkia wa nyuki. Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza nchini Kenya, ndiye aliyeutangazia ulimwengu wa wataalamu habari hiyo mwaka 1981. Mnyama huyu hana ukubwa kuliko panya wa nyumbani, lakini akitunzwa aweza kuishi zaidi ya miaka 30, na hilo peke yake limewafanya wataalamu wamfuge katika maabara za mbali.

Thomas Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago waliona kwamba mishipa ya fahamu iletayo maumivu kutoka katika ngozi ya fuko huyu haina Dutu P wala CGRP. Mwaka 2008 walitangaza majaribio yao. Panya wa kawaida akitiwa kapsaisini kidogo katika unyayo hulamba mguu kwa dakika nyingi. Fuko yule hakujali hata kidogo. Lakini walipopima umeme katika mishipa yake waliona kwamba kapsaisini yaiamsha sawasawa! Mlango upo, wafunguka, umeme wapita. Tarishi tu ndiye hayupo kwenye benchi. Ndipo wakafanya jambo la werevu sana. Walichukua virusi dhaifu vilivyobeba jeni ya Dutu P, wakavitia katika mguu mmoja wa nyuma. Baada ya siku kadhaa wakaweka kapsaisini tena, na fuko akaulamba mguu ule kama panya ye yote. Mguu wa pili haukujua lo lote. Sijui jaribio jingine lionyeshalo kwa uwazi zaidi kwamba kemikali yaweza kuwa na nguvu kubwa juu ya mwili bila kufanya kazi yenyewe, ikimtegemea mwingine aifanye.

Nisieleweke kwamba fuko huyu hana maumivu kabisa. Akibanwa au akiguswa na kitu cha moto hujitoa haraka, kama inavyompasa kiumbe ye yote apendaye kuishi. Walio wengi katika wataalamu huona kwamba alipoteza maumivu ya namna hii kwa sababu ya hewa ya mashimo yake. Wanyama wengi wakipumua mahali pamoja bila dirisha, hewa ya ukaa huzidi, nayo ikikutana na unyevu wa macho na pua hugeuka asidi inayochoma.

Sasa mlinganishe na kuku. Kuku ana matarishi wake kamili, lakini mlango wake una umbo tofauti kidogo, hata kapsaisini haiwezi kuushika. Waliolithibitisha hilo ni Sven-Eric Jordt na Julius, mwaka 2002. Joto humwumiza, pilipili haimsumbui. Ndiyo maana mtu akiwatilia kuku maji ya pilipili kwa kudhani atawaponya kideri, kuku huyanywa bila kusita. Na kwa bahati mbaya kideri hakisiti pia. Ugonjwa ule hauna dawa, una chanjo tu. Ndege wa porini nao wako vivyo hivyo. Humeza pilipili nzima nzima, mbegu hupita tumboni mwao bila kuvunjwa na meno, kisha huangushwa chini ya mti au kando ya ua. Pilipili kichaa uionayo imejiotea karibu na boma bila kupandwa, yaelekea ndege ndiye mkulima wake. Mnyama mwenye meno ya kutafuna angeziharibu mbegu, naye ndiye afukuzwaye.

Na mnyama mkubwa kuliko wote wenye meno hayo ni jirani yetu. Mkoa wa Simiyu wapakana na Hifadhi ya Serengeti na una Pori la Akiba la Maswa. Mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa, tembo hutoka usiku, na kundi moja laweza kumaliza katika saa chache chakula cha familia cha mwaka. Zaidi ya chakula, watu huuawa. Mkulima alalaye shambani na debe la kupiga na tochi mkononi hafanyi mchezo, na mtoto wake akesha naye, kisha asubuhi asinzia darasani.

Tembo ana pua ndefu kuliko mnyama wo wote, nayo ndani imejaa zile ncha za mishipa ya fahamu. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Loki Osborn alijaribu huko Zimbabwe kuwafukuza tembo kwa kapsaisini, na kutokana na kazi ya namna hiyo ukatokea uzio wa pilipili, ambao sasa umejaribiwa katika sehemu kadhaa za Tanzania. Nguzo husimamishwa kuzunguka shamba, kamba ya katani hufungwa, na vitambaa huning'inizwa. Kamba na vitambaa hupakwa pilipili iliyosagwa ikachanganywa na oili chafu ya magari au grisi. Aliyefuata habari tangu mwanzo ajua sababu ya oili: kapsaisini hukubali mafuta, na mafuta hayaoshwi upesi na mvua. Wengine huchanganya pilipili na kinyesi cha tembo, wakafanya matofali, wakayakausha na kuyachoma polepole upande utokao upepo, moshi ukaenda kwa tembo. Moshi huo haubagui, kwa hiyo mwenye kuwasha akae upande mwingine, na watoto wawekwe mbali.

Si haki kuusifu uzio huu kupita kiasi. Mahali pengine umesaidia, mahali pengine haukuonyesha tofauti kubwa. Wapaka upya kila mara, hasa baada ya mvua kubwa. Wataka shamba zima lizungushwe, maana tembo ni mwerevu na pengo moja lamtosha. Tena hauondoi haja ya walinzi. Kwa maoni yangu ubora wake ni kwamba hauui wala haumjeruhi mnyama, na vifaa vyake vyapatikana dukani na gereji. Tembo aligusaye kambaye hupata yale yale tupatayo sisi jikoni: mlango, kalsiamu, tarishi, machozi.

Turudi kwa mwanadamu, kwa maana mlango huu haukuwekwa mwilini kwa ajili ya pilipili. Kazi yake yaonekana mtu anapoumia. Mwenye kidonda kinywani hushangaa kwamba chai ya vuguvugu, ambayo jana aliinywa bila tabu, leo yamchoma. Chai haikubadilika. Seli zilizojeruhiwa zimemwaga kemikali kadhaa, miongoni mwao prostaglandini. Hizi nazo hazimtumi tarishi wala hazifungui mlango zenyewe. Hubisha vipokezi vyao katika utando wa mshipa wa fahamu. Ndani ya seli mjumbe hutengenezwa. Mjumbe huamsha kimeng'enya. Kimeng'enya hubandika chembe ya fosfeti juu ya mlango wa TRPV1. Mlango uliobandikwa hivyo hulegea, na badala ya kungoja digrii 43 hufunguka kwa joto dogo zaidi, pengine lisilozidi sana la mwili wenyewe. Tarishi hutumwa kwa neno dogo tu.

Hapo ndipo twaweza kuielewa aspirini. Watu humeza kidonge wakidhani kwamba chakwenda mahali panapouma na kupafunika. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Basi tazama mlolongo: aspirini yazuia prostaglandini, mlango haulegezwi, kalsiamu haiingii ovyo, tarishi akaa kwenye benchi lake. Hatua nne zimepita kati ya kidonge na nyuropeptidi.

Kama mambo ni haya, mtu aweza kusema, kwa nini tusimzibe tarishi mwenyewe mwishoni mwa safari? Wenye viwanda vya dawa walifikiri hivyo hasa. Katika miaka ya 1990 walitengeneza dawa za kuziba kipokezi cha Dutu P, wakatumaini kuondoa maumivu ya binadamu. Katika wanyama zilionekana kufaa. Katika watu zilishindwa, kwa maana tarishi wako wengi na mmoja akizuiwa wengine huenda. Lakini dawa moja ya jamii hiyo, aprepitanti, ilikubaliwa Marekani mwaka 2003 kwa kazi nyingine: kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa kali. Yule tarishi wa pili alileta bahati zaidi. Dawa za kumzuia CGRP zilianza kukubaliwa mwaka 2018 kwa ajili ya kipandauso. Hata pilipili imeingia hospitali. Plasta yenye kapsaisini ya asilimia 8 ilikubaliwa mwaka 2009 kwa maumivu yabakiayo baada ya mkanda wa jeshi. Mshipa ulioamshwa kwa nguvu namna hiyo huchoka, na ncha zake za ngozini hufa kwa miezi kadhaa kabla ya kuota tena. Hiyo hubandikwa na mganga aliyefunzwa. Kupaka pilipili ya sokoni juu ya kidonda ni kujitesa bure.

Nimeiweka morfini mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo izungumzwayo vibaya majumbani. Morfini hutoka katika utomvu wa mmea wa afyuni, na hutolewa kwa maumivu makali, kama ya saratani au ya ajali kubwa. Ncha ya mshipa wa maumivu iliyo katika uti wa mgongo ina kipokezi kinachoikubali morfini. Ikishikwa, protini ya ndani huamshwa, lakini hii ni ya namna nyingine: hufunga milango ya kalsiamu ya ncha ile. Umeme wafika kama kawaida, kengele haipigwi, vifuko havipasuki. Mwaka 1977 Thomas Jessell na Leslie Iversen walionyesha katika ubongo wa panya kwamba morfini hupunguza umwagikaji wa Dutu P. Na kipokezi hicho hakikungoja mmea wa afyuni. John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, walitangaza mwaka 1975 kwamba ubongo hujitengenezea vitu vya kazi hiyo hiyo; navyo ni nyuropeptidi, kila kimoja kikiwa na asidi amino 5. Mwili una matarishi waletao habari, na una wengine wa kuwaambia wangoje.

Katika nchi nyingi wagonjwa wa saratani hufa wakilia kwa maumivu ambayo dawa yake yajulikana na bei yake si kubwa. Majirani zetu wa Uganda walitafuta njia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na huko morfini ilichanganywa kutoka katika unga na maji, ikatiwa rangi tofauti kwa nguvu tofauti, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo waliruhusiwa huko kuiandika, wala si madaktari peke yao.

Wazee wengi wakisikia neno morfini hudhani kwamba daktari amekata tamaa na sasa amlaza mgonjwa afe. Aliyefuata mlolongo ule aona kwamba dawa hii, ikipimwa na kuongezwa polepole kwa kadiri ya maumivu, kazi yake kubwa ni kufunga milango ya kalsiamu katika ncha za mishipa fulani. Ikitumiwa bila maumivu na bila kipimo ni jambo jingine, kwa maana vipokezi vyake viko pia katika sehemu za ubongo zinazoongoza pumzi na zile za raha, na hapo ndipo hatari na utumwa wake. Vingine viko katika utumbo, navyo huufanya ulegee mpaka choo kikawa kigumu. Kwa hiyo mgonjwa akipewa chupa ya morfini, aghalabu hupewa pia dawa ya kulainisha choo, na anayemtunza nyumbani afaa kumnywesha zote mbili tangu siku ya kwanza bila kungoja tumbo lifunge.